Kirusi Kilipitia Wapi? Kilichosomwa katika Nyumba za Kilifi

Kuanzia Desemba 2009 hadi Juni 2010, kaya 47 za mashambani huko Kilifi, pwani ya Kenya, zilitembelewa na watafiti mara mbili kila wiki. Kila aliyekaa humo alichukuliwa majimaji ya puani: mtoto mchanga, ndugu zake wanaokwenda shule, mama, baba, bibi. Hakuna aliyesubiriwa apige chafya kwanza. Mzima na mgonjwa walipimwa sawasawa, na msimu ulipokwisha zilikuwa zimekusanywa sampuli zinazokaribia 17,000 kutoka kwa watu 493. Kilichokuwa kikitafutwa ni kirusi kimoja cha njia ya hewa, RSV, ambacho watu wengi wamekwisha kukiugua bila kuwahi kulisikia jina lake. Sehemu ya sampuli hizo ilisomwa baadaye herufi kwa herufi, ili ionekane kirusi kilibadilika vipi kilipokuwa kikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Nadhani kazi hiyo ina jambo ambalo kila mzazi na kila mpanga bajeti ya afya anapaswa kulielewa. Mabadiliko madogo ya kirusi wakati wa mlipuko wa mtaani mara nyingi hayatuambii kwamba ugonjwa umekuwa mkali zaidi. Yanatuambia kirusi kilipitia wapi, na anayeijua njia hiyo anaweza kuamua kwa busara ni nani akingwe kwanza.

Kwanza kirusi chenyewe. Mama akimwona mtoto anakohoa, anahema haraka, na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, atasema mtoto ana kichomi, naye hatakuwa amekosea, kwani RSV ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kichomi cha watoto. Kiligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara waliopata mafua huko Marekani, na muda mfupi baadaye kikapatikana kwa watoto wachanga. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wao huishia na mafua ya kawaida. Hatari iko kwa wachanga wa miezi ya mwanzo, ambao njia zao za hewa ni nyembamba kiasi kwamba uvimbe kidogo na makamasi kidogo hutosha kuziziba. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2019 pekee RSV ilihusika na vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti mkubwa wa PERCH, uliofanyika katika nchi saba, Kilifi ikiwa kituo chake cha Kenya, ulikuta kwamba kati ya watoto wasio na virusi vya Ukimwi ambao picha za kifua zilithibitisha nimonia kali, karibu theluthi moja ya ugonjwa ilitokana na RSV. Hakuna kisababishi kingine kilichoufikia mzigo huo. Antibiotiki hazikigusi kirusi hiki. Hospitali inampa mtoto oksijeni na maji, inamwangalia usiku na mchana, na kungoja mwili wake ushinde.

Maelekezo yote ya kuunda kirusi hiki yameandikwa katika uzi mmoja wa kemikali iitwayo RNA, wenye herufi zipatazo 15,200 za aina nne tu. Uzi huo mzima ndio jenomu yake, na ndani yake mna jeni 10. Kirusi kikiingia katika seli ya pua, seli hiyo hulazimika kuunakili uzi maelfu ya mara, na kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili hakina desturi ya kurudi nyuma kusahihisha. Herufi moja hukosewa hapa, nyingine pale. Wataalamu wa tenzi za kale za Kiswahili wanaijua hali ya namna hii. Utenzi ulionakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, ukapita kutoka Lamu hadi Mombasa, ulibeba makosa ya kila aliyeunakili. Nakala mbili zikikutwa na kosa moja lisilopatikana kwingine, mtaalamu hukata shauri kwamba zina asili moja ya karibu. Kosa lenyewe huenda halibadilishi kisa hata kidogo, lakini linaonyesha karatasi ipi ilizaliwa na ipi. Virusi vilivyochukuliwa katika pua za watu wa nyumba moja husomwa kwa hoja iyo hiyo: vikishiriki badiliko ambalo nyumba ya jirani haina, ni dalili kubwa kwamba ugonjwa ulizunguka humo ndani.

Kundi lililoongozwa na Charles Agoti na James Nokes, katika programu ya utafiti ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome huko Kilifi, lilichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa jenomu 131 za RSV kutoka kaya tisa kati ya zile 47. Virusi vyote hivyo vilikuwa vya kundi A, mojawapo ya makundi mawili makubwa ya RSV, na vyote vilipatikana katika eneo la kilometa za mraba 12 tu, eneo ambalo mtu mzima hulivuka kwa miguu bila kuchoka. Vilipolinganishwa na virusi vilivyosomwa kwingineko duniani, vyote viliangukia katika tawi moja la ukoo wa RSV. Kwa maneno mengine, mlipuko ule wa kundi A ulikuwa na mzazi mmoja wa karibu. Lakini ndani ya tawi hilo nyumba zilitofautiana. Katika kaya saba kati ya tisa, watafiti waliona alama zilizokuwa za kaya husika peke yake. Hapa ndipo panaponivutia zaidi, kwa sababu data zilezile zilipochambuliwa kwa njia ya zamani, ya kusoma jeni moja tu inayoitwa G, alama za namna hiyo zilionekana katika kaya moja tu kati ya tisa.

Tofauti kati ya moja na saba inaelezeka kwa hesabu ya kawaida. Kundi hilo la watafiti lilikadiria kwamba kirusi hubadilisha herufi kwa kasi ya takriban 2.3 katika kila herufi 1,000 kwa mwaka. Kipimo hicho kina nafasi pana ya kosa, ila tukikichukua kama kilivyo, uzi wa herufi 15,200 hupata mabadiliko kama 35 kwa mwaka, yaani karibu matatu kwa mwezi, au moja kila siku kumi hivi. Jeni ya G ndiyo sehemu inayobadilika upesi kuliko nyingine zote, lakini haifiki hata herufi 1,000. Katika mlipuko wa miezi sita, anayesoma G peke yake atapata badiliko moja, mawili, au asipate lolote, na nyumba zote zitaonekana kama nyumba moja. Kwa miaka mingi wanasayansi wa nchi nyingi walitegemea jeni hiyo kwa kuwa ilikuwa rahisi kuisoma, na ilitosha kabisa kutofautisha aina za RSV zinazopishana mwaka hadi mwaka. Kwa kufuatilia kirusi kutoka chumba hadi chumba haitoshi.

Uchambuzi huo ulionyesha kwamba katika nyumba nyingi kirusi cha namna moja kiliingia, kisha kikawaenea waliomo na kujikusanyia mabadiliko yake kilipokuwa humo. Jambo hili lina uzito. Ingekuwa nyumba inashambuliwa kutoka nje mara kwa mara na virusi tofauti, kumlinda mtoto mchanga kungehitaji kupunguza ugonjwa kijijini kote. Lakini kama mlango hufunguka mara moja na mengine yote hutokea ndani, kumkinga yule anayeufungua kunaweza kuinusuru familia nzima. Anayeufungua ni nani? Uchambuzi wa awali wa kaya 47, uliotumia tarehe na majibu ya maabara bila jenomu, ulikuwa umewataja ndugu wakubwa wa mtoto, hasa waliokwisha kuanza shule. Mwaka 2019 kundi hilohilo lilichapisha uchambuzi mwingine wa kaya 20, wenye jenomu 191, na katika nyumba ambamo mgonjwa wa kwanza alijulikana bila utata, njia iliyoelekea zaidi kumfikia mchanga ilipitia kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitatu, au kwa wa miaka sita hadi chini ya 12. Aliye katika umri wa kujifunza kutembea na kushika kila kitu, na aliye katika umri wa darasani.

Msomaji mwangalifu atasimama hapa na kusema: subiri, badiliko moja kila siku kumi halitoshi. RSV huanza kujionyesha siku nne hadi sita baada ya mtu kukipata, kwa hiyo kinaweza kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake kabla herufi hata moja haijabadilika. Pingamizi hilo ni la kweli, na watafiti wenyewe hawakulificha. Katika zile kaya 20, tofauti kati ya virusi vya mlipuko mmoja wa nyumbani zilianzia sifuri hadi 21, na ya katikati ilikuwa tatu. Ndani ya mtu mmoja, katika ugonjwa wake huohuo mmoja, zilianzia sifuri hadi 17, na ya katikati ilikuwa moja. Pengo linaloweza kumtenga mtu na mtu, basi, mara nyingi ni dogo sana, na wakati mwingine kirusi hubadilika zaidi ndani ya pua ya mtoto mmoja kuliko kinavyobadilika kikihamia kwa mwenziwe. Aidha, kati ya sampuli 374 zilizokutwa na kirusi, zilizotoa jenomu iliyokaribia kukamilika zilikuwa 191, kama nusu tu, maana sampuli yenye kirusi kichache haisomeki vizuri. Hitimisho lao lilikuwa kwamba jenomu peke yake haiwezi kuujenga upya mnyororo wote wa maambukizi ndani ya nyumba.

Hata hivyo hoja haianguki. Inachotufundisha ni namna ya kuutumia ushahidi. Herufi zinaweza kuonyesha kwamba virusi vya watu wawili ni ndugu wa karibu, lakini haziwezi zenyewe kusema ni nani aliyemwambukiza nani. Tarehe zinaonyesha nani alitangulia kukutwa na kirusi, lakini haziwezi kusema kama alikipata nyumbani au shuleni. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja kinaziba upungufu wa mwenzake. Iwapo kaka alikutwa na kirusi Jumatatu na mchanga akakutwa nacho Alhamisi, na virusi vyao vina alama moja isiyoonekana katika nyumba za jirani, maelezo kwamba wote wawili walikipata kwa mgeni mmoja bado yanawezekana, ila yamebaki na nafasi ndogo. Na alama zikitofautiana sana, tunapata sababu ya kufikiri kwamba kirusi kiliingia nyumbani mara mbili, jambo ambalo tarehe peke yake isingelifichua kamwe. Ndiyo sababu naona kosa kuziuliza jenomu maswali ambayo hazikuumbiwa, kisha kuzitupa zinaposhindwa kuyajibu.

Kuna jambo jingine katika mpango wa Kilifi linalostahili kusifiwa kuliko mashine yoyote ya maabara, nalo ni uamuzi wa kumpima kila mtu bila kujali kama anaumwa. Takriban maambukizi mawili katika kila matano yaliyogunduliwa katika kaya zile hayakuambatana na dalili yoyote. Mtu alibeba kirusi, akala, akalala, akaenda shambani au darasani, wala hakukohoa. Hospitali isingemwona mtu kama huyo. Na karibu yote tuliyoyajua zamani kuhusu aina za RSV yalitokana na watoto waliolazwa, yaani wale ambao safari ya kirusi iliishia kwao kwa ubaya. Kusoma mlipuko kwa kuwatazama waliolazwa pekee ni kuuona mwisho wa njia na kuikosa njia nzima iliyotangulia. Inahitaji subira kubwa ya wanavijiji kukubali kuguswa pua mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, tena wakiwa wazima, na heshima ya matokeo haya ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwenye hofu iliyoenea zaidi. Tangu korona, habari kwamba kirusi kimebadilika hupokewa kama habari ya msiba. Kwa RSV, historia inatutaka tutulie kidogo. Mwaka 2010 huko Ontario, Kanada, ilipatikana aina mpya ya kundi A iliyopewa jina ON1, na upya wake haukuwa wa herufi moja au mbili: kipande kizima cha herufi 72 katika jeni ya G kilikuwa kimejirudia mara mbili. Februari 2012 aina hiyo ikaonekana Kilifi. Mwaka huo yalipita mawimbi mawili ya ON1 miongoni mwa watoto waliolazwa, na katika wimbi la pili aina hiyo ikawa imeipita kwa wingi GA2, aina iliyokuwapo kabla yake na ambayo ndiyo iliyozunguka katika kaya tulizozizungumzia. Uchambuzi ulionyesha pia kwamba ON1 haikuingia Kilifi mara moja. Iliingia mara kadhaa, na virusi vilivyofika havikuwa sawasawa na vile vya kwanza vya Kanada. Jambo la namna hiyo lilikuwa limewahi kutokea kwa kundi B, pale aina yenye kipande cha herufi 60 kilichojirudia ilipogunduliwa Buenos Aires, Argentina, mwaka 1999, kisha ikasambaa duniani na kuzifunika zile za zamani.

Je, ON1 iliwaumiza watoto zaidi? Nchi zilizochunguza swali hilo hazikupata jibu moja. Huko Kupro watoto waliopata ON1 walionekana kuugua kwa wepesi zaidi, na huko Vietnam aina hiyo ilihusishwa na uwezekano mkubwa zaidi wa ugonjwa wa kifua. Majibu yanapopingana hivi, tafsiri ya tahadhari ni kwamba kilichoipa ON1 ushindi huenda ni uwezo wa kusambaa kati ya watu ambao miili yao ilikwisha kuzoea aina za zamani, na ukali wa ugonjwa ni suala jingine. Kirusi kinaweza kushinda kwa kuenea bila kuzidi kuua. Watu huambukizwa RSV tena na tena maishani, hivyo kirusi kinachoonekana kigeni kidogo kwa kingamwili zilizopo kinapata nafasi. Idadi ya waliolazwa ikiongezeka, hilo lenyewe ni tatizo la kutosha kwa wadi yenye vitanda vichache, na sitaki nieleweke kuwa nalipuuza. Ninachokataa ni mazoea ya kutangaza kila badiliko kuwa tishio, kwa maana wazazi wakishatishwa mara tano bure, ya sita hawataisikia.

Yapo lakini mabadiliko yenye madhara ya kweli, na mfano wake bora haukutokana na ugonjwa bali na dawa. Kampuni ya Regeneron ya Marekani ilitengeneza kingamwili iliyoitwa suptavumab, iliyokusudiwa kuwalinda watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ikaijaribu kwa watoto zaidi ya 1,000. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba jaribio limeshindwa. Chanzo kilipotafutwa, ilionekana kwamba virusi vya kundi B vilivyokuwa vikizunguka wakati huo vilikuwa na mabadiliko mawili jirani katika protini F, ile inayokiwezesha kirusi kupenya ndani ya seli, hasa mahali ambapo kingamwili hiyo ilitakiwa kushika. Mabadiliko mawili tu, na kazi ya miaka ikawa haifai kwa nusu nzima ya familia ya RSV. Protini F kwa kawaida hubadilika polepole kuliko G, na kwa sababu hiyo chanjo na kingamwili za sasa zinailenga yenyewe. Polepole, hata hivyo, si sawa na kutobadilika. Anayesoma jeni ya G peke yake kwa sababu ni rahisi, asingeliona badiliko hilo likija, kwa sababu lilikuwa katika jeni nyingine kabisa. Hapo faida ya kusoma jenomu nzima inaacha kuwa ya udadisi wa wataalamu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha, na linastahili kujibiwa na mtu anayejua wadi ya watoto ya hospitali ya wilaya ilivyo. Mtungi wa oksijeni na kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu vinaweza kumwokoa mtoto usiku huu, ilhali jenomu haimwokoi yeyote usiku huu. Kama ingekuwa lazima kuchagua kimoja kwa ajili ya wadi isiyo na oksijeni, ningechagua oksijeni bila kusita. Ila sehemu nyingi uchaguzi hauko hivyo. Fedha za kusoma jenomu hazitoki kwenye mfuko wa mitungi ya hospitali, na uamuzi zinaosaidia kuufanya ni mkubwa kuliko wadi moja: serikali inunue kinga ipi, impe nani, kwa bei gani, na iendelee nayo kwa muda gani. Nchi inayonunua kingamwili au chanjo bila kujua ni virusi gani vinazunguka kwake inaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kisichowafaa watoto wake, kisha ikose za oksijeni. Mashine na ujuzi wenyewe, pia, havitumiki kwa kirusi kimoja. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, timu ya Kilifi iliyokuwa imezoea kusoma RSV iligeuka na kuanza kusoma kirusi kile kipya kutoka kwa wagonjwa wa kaunti za pwani. Ujuzi huo ulikuwa umejengwa kwa miaka, juu ya kirusi ambacho wengi waliona ni mafua tu.

Wengine watasema kwamba kaya tisa, au hata 20, katika msimu mmoja wa mwaka 2010, ni kidogo mno. Ni kidogo, kweli. Kilifi ya mashambani, yenye kaya kubwa za watu wa vizazi vitatu, haifanani na vyumba vya kupanga vya mitaa ya mijini kama Kariakoo au Eastleigh, ambako majirani hushiriki ukumbi, choo na kamba ya kuanikia nguo. Huko mlango wa nyumba huenda hauna maana ileile, na sidhani kwamba hitimisho la kirusi kuingia mara moja linafaa kuhamishiwa mijini kabla halijapimwa huko. Lakini hitaji la kupima kwingine haliondoi thamani ya kilichopimwa, na mpaka sasa ni mahali pachache sana duniani palipotazamwa kwa ukaribu wa siku tatu hadi nne kati ya sampuli na sampuli, msimu mzima. Wengine wataogopa kwamba kumtaja mtoto wa shule kuwa ndiye anayeleta kirusi kutamfanya alaumiwe mdogo wake akilazwa. Hofu hiyo ni ya haki. Utafiti unazungumzia umri na mpangilio wa maisha, hauwezi wala haupaswi kumnyooshea mtoto yeyote kidole, na mtu wa afya anayeieleza familia habari hizi ana wajibu wa kusema waziwazi kwamba mtoto anayecheza na mdogo wake hajafanya kosa lolote. Kunawa mikono, na kumweka mchanga mbali kidogo na anayekohoa inapowezekana, kunasaidia kwa kiasi. Katika nyumba ya chumba kimoja ushauri huo una mpaka, na hatupaswi kujidanganya kwamba elimu pekee itatosha.

Swali la sasa ni la kinga. Chanjo ya RSV kwa wajawazito ilianza kuidhinishwa mwaka 2023. Mama huchanjwa, kingamwili hupita kwenye kondo, na mtoto huzaliwa akiwa nazo. Katika jaribio lake kubwa, chanjo hiyo ilipunguza ugonjwa mkali wa kifua kwa takriban asilimia 82 katika siku 90 za mwanzo za maisha, na asilimia 69 zikihesabiwa siku 180. Iko pia kingamwili ya muda mrefu, nirsevimab, anayodungwa mtoto mwenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilichapisha msimamo wake, likizipendekezea nchi zote moja kati ya njia hizo mbili. Zote humkinga mchanga mahali alipo, wala hazimzuii kaka yake kukileta kirusi nyumbani. Ushahidi wa Kilifi unalifungua swali la pili, kama kuwachanja pia wale wanaokiingiza kungepunguza ugonjwa nyumbani na hatimaye mtaani, lakini chanjo iliyoidhinishwa kwa watoto wadogo wenyewe bado haipo. Mimi naona chanjo ya mama ndiyo ianze, kwa sababu kinga yake imethibitishwa kwa majaribio, huku swali la pili likiendelea kutafutiwa jibu katika nyumba halisi, za mashambani na za mjini.

Njia yoyote itakayochukuliwa na Kenya, Tanzania au Uganda, lipo jambo moja lisiloweza kungoja siku ya uzinduzi. Kinga mpya ikianza kutumika kwa mamilioni ya wajawazito, na baada ya misimu miwili watoto waliokingwa wakaanza kulazwa kwa wingi, daktari atataka kujua kama protini F ya virusi vya sasa ni tofauti na ile ya zamani, au kama tatizo ni chanjo iliyoharibikia njiani kwa joto, au kingamwili za mama zilizokwisha nguvu mapema. Hawezi kulijibu swali hilo bila jenomu za kabla ya chanjo, za mahali hapohapo. Hospitali chache za mikoa na kaunti zikihifadhi sampuli za watoto waliolazwa kila msimu, na angalau mji mmoja na wilaya moja ya mashambani zikizifuatilia kaya zake kwa msimu mzima kama Kilifi ilivyofanya, jenomu hizo zitapatikana. Kazi hiyo inahitaji majokofu yasiyozimika umeme ukikatika, wahudumu wanaolipwa kwa wakati, na idhini ya familia inayotolewa kwa hiari baada ya maelezo ya kutosha, na inapaswa kuanza katika msimu ujao wa RSV.